Kingwana cha Kasongo na Kabambare katika Hazinadata za Isimu

Hazinadata za isimu zilizomo katika intaneti zimewarahisishia kazi watu wa aina mbili: mtafiti anayelinganisha lugha, na mbunifu wa lugha za kuundwa anayetafuta mifano ya sarufi. Wote wawili huitegemea atlasi ijulikanayo kwa kifupi kama WALS, iliyochapwa mwaka 2005 na kuingizwa katika intaneti mwaka 2008. Humo mna lugha zaidi ya 2,600. Kiswahili kimepewa nukta moja, upande wa mwambao wa Tanzania.

Je, nukta hiyo yamsemea nani? Kutoka mwambao huo hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 1,300. Kiswahili kilifika kusini mwa Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe na watumwa, Tippu Tip akiwa mashuhuri miongoni mwa wakuu wake. Wangwana wakakieneza, kikaishi bega kwa bega na Kibangubangu, Kizimba na Kikusu. Mwaka 1928 John Whitehead na L. F. Whitehead walitoa mwongozo wa Kingwana huko Wayika, kando ya mto Lualaba. Anayeishia kwenye nukta ya mwambao hataona, kwa mfano, kwamba katika Kiswahili cha Kongo udogo huonyeshwa kwa ngeli ya ka-/tu-: katoto, tutoto.

Orodha ya ISO 639-3 ya mwaka 2007 ilijaribu kurekebisha kasoro hiyo kwa kukitengea Kiswahili cha Kongo alama yake, swc. Hata hivyo, alama hiyo moja yakusanya usemi wa Kasongo, uliotokana na Wangwana wenyewe, na ule wa Lubumbashi, uliokulia migodini. Wakati huohuo Afrihili, lugha iliyobuniwa na K. A. Kumi Attobrah wa Ghana na kutangazwa mwaka 1970, ina alama yake pekee, afh, ingawa haina kijiji hata kimoja.

Kosa si la chombo peke yake. Hazinadata huhifadhi kile kilichoandikwa, na Kabambare haijaandikwa vya kutosha. Kwa hiyo mwanafunzi anayenukuu swc hana budi kutaja mahali, msemaji na mwaka wa kila mfano. Bila hivyo atawasingizia watu wa Kasongo sarufi ya Lubumbashi, na kosa hilo litarithiwa na kila atakayemnukuu.