Dakika Saba za Shangazi: Jinsi Kiuno Kilichokaza Kilivyorudishwa Kazini

Kwa miezi saba shangazi yangu alitoka kitandani kwa namna moja tu: anageukia ubavu, anashusha miguu, anashika mwimo wa mlango, kisha anasubiri. Kusubiri kule ndiko kulikoniumiza kutazama. Amesimama nusu, mkono mmoja kiunoni, macho chini, mpaka mgongo ukubali kunyooka. Ni mwanamke wa Tanga, umri miaka 58, aliyekanda unga wa chapati za biashara zaidi ya miaka 20. Kiuno kilipomkamata aliambiwa alale, apumzike, anunue mkanda. Alitii yote. Alipomaliza kupumzika, kufika dukani kulikuwa kumekwisha kumshinda.

Leo anatembea dakika 30 asubuhi na jioni. Wanaomwona humuuliza alifanya zoezi gani. Nadhani swali lenyewe linapotosha, kwani mazoezi yalikuwa yale yale ambayo kila mtu ameyasikia. Kilicholeta tofauti ni kipimo: afanye kiasi gani, lini, na nani mwenye amri ya kusema basi, maumivu au saa.

Kabla ya hatua hata moja alipitishwa kwenye maswali. Mtaalamu wa fiziotherapia alimuuliza kama ana homa za jioni au jasho la usiku, kama amekonda bila sababu, kama aliwahi kuugua saratani, kama alianguka. Akauliza pia kuhusu ganzi ya mapajani kwa ndani na sehemu za siri, kushindwa kuzuia haja, na miguu kuishiwa nguvu. Kwetu maswali haya si ya kurukwa: kifua kikuu hushambulia hata pingili za uti wa mgongo, na mgonjwa wa namna hiyo anahitaji dawa, si matembezi. Mwenye ganzi ile au aliyepoteza uwezo wa kuzuia haja apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Shangazi hakuwa na dalili hata moja. Alikuwa katika kundi kubwa, lile ambalo Shirika la Afya Duniani hulikadiria kuwa asilimia 90 hivi ya wenye maumivu ya kiuno, ambao chanzo mahususi cha maumivu yao hakipatikani.

Kisha ukaja upimaji, na hapa ndipo kazi ilipofanyika vizuri. Kwa siku tatu aliambiwa atembee barabara ya mtaani, tambarare, mpaka aone kiuno kinaanza kulalamika, arudi. Mjukuu wake wa darasa la sita aliandika muda kwenye daftari: dakika 9, dakika 6, dakika 12. Wastani ni 9. Ukipunguza humo sehemu moja kati ya tano, unapata 7 na kidogo. Basi akaanzia dakika 7, mara mbili kwa siku, na baada ya kila siku tatu anaongeza dakika moja.

Alipinga. "Mwanangu, dakika saba si hata kufika msikitini." Kweli, dakika saba zilimpeleka nguzo ya tatu ya umeme na kumrudisha. Lakini kuna hoja nzito nyuma ya udogo huo. Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, aliieleza miaka ya 1970: mtu akifanya kazi mpaka aumie ndipo apumzike, anaufundisha mwili kwamba maumivu ndiyo tiketi ya mapumziko, na kila safari maumivu yanawahi kidogo. Dawa yake ni kuweka kiasi chini ya uwezo, mtu amalize kazi kwanza, apumzike kwa sababu amemaliza. Mwaka 1992 njia hii ilichapishwa ikiwa imejaribiwa kwa wafanyakazi 103 wa Volvo mjini Göteborg, Sweden, waliokuwa wameacha kazi kwa ajili ya mgongo. Waliopimwa uwezo wao kisha wakapandishwa hatua kwa hatua walirudi kazini mapema kuliko wenzao.

Mazoezi ya mkeka yalikuwa matatu. Kulala chali magoti juu, kukandamiza kiuno taratibu mpaka kiguse mkeka, kisha kuachia. Kubaki hapo hapo na kuyalaza magoti yote mawili upande huu na upande huu, bila kulazimisha. Mwisho, kupiga magoti na viganja chini, kupandisha mgongo kama paka aliyeamka, na kuushusha. Kila moja mara sita, pumzi ikitoka wakati wa kukaza, na kiti pembeni cha kushikia wakati wa kuinuka. Sina zaidi la kusema juu yake.

Saa ya kuyafanya ndiyo inayostahili maelezo. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kisahani cha gegedu chenye kiini laini kinachofyonza maji. Usiku, mzigo ukiwa umetoka, diski hufyonza na kuvimba. Mchana maji hukamuliwa tena. Ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyolala, na ndiyo maana kuinama alfajiri huibana diski zaidi kuliko kuinama saa nne. Stover Snook na wenzake walichapisha utafiti mwaka 1998: watu wenye maumivu ya muda mrefu waliofundishwa kutoinama mapema asubuhi walipata nafuu. Hawakupewa mashine wala dawa. Walibadilisha saa tu.

Kwa shangazi jambo hili lilikuwa zito, kwa kuwa saa ya kwanza ya siku yake ni ya Swala ya Alfajiri, na rukuu na sujudu ni kuinama. Kuswali kwenye kiti aliona ni uvivu. Hakusikiliza wataalamu, alimsikiliza imamu, aliyemkumbusha kuwa mgonjwa ameruhusiwa kukaa. Akaswali Alfajiri kitini, akazunguka uani, akanywa chai, ndipo akatoka kutembea. Mkeka uliwekwa saa nne. Wiki ya nane alirudi kwenye sujudu, akaniambia hilo kabla ya kunisalimu.

Siku ya 19 alijisikia mwepesi. Alikuwa amefika dakika 13. Akachukua fagio la chelewa, akafagia uwanja mzima ameinama, akafua mabeseni mawili. Asubuhi ya pili nikamkuta mlangoni, ameshika mwimo. "Nimeharibu yote, mwanangu."

Hakuwa ameharibu. Kilichofuata nakiona kuwa uamuzi bora kuliko yote katika wiki 12 za ratiba yake: hakurudishwa kitandani. Mwaka 1995 watafiti wa Finland walilinganisha wafanyakazi wa jiji la Helsinki walioshikwa na kiuno ghafla. Waliolazwa siku mbili walichelewa kupona. Waliofanya vizuri zaidi ni walioambiwa waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yalivyowaruhusu. Shangazi alishushwa mpaka dakika 9, akatembea siku ile ile, polepole, na ngazi ikaanza upya kutoka hapo. Fagio lilifungwa kwenye mpini mrefu. Kanuni ikaandikwa kwenye jalada la daftari: siku mbaya dakika zile zile, siku nzuri dakika zile zile. Nusu ya pili ndiyo ngumu. Kumzuia mtu aliyeteseka miezi saba asiifaidi siku yake nzuri kunahitaji upendo na uso mkavu kwa pamoja.

Kukaza kukiongezeka kidogo baada ya mazoezi lakini kesho yake kumerudi palepale, aliendelea. Maumivu yakishuka chini ya goti, au ganzi ikianza, alitakiwa kuacha na kumwona mtaalamu. Hilo halikutokea. Wiki ya 12 daftari liliandika 30.

Hapo wengi huacha, wakidhani wamemaliza. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Australia uliohusu watu 701 waliokuwa wamepona kiuno muda mfupi tu. Nusu yao walipewa ratiba ya kutembea iliyopimwa kwa kila mtu na kupandishwa taratibu, lengo likiwa dakika 30 mara tano kwa wiki ndani ya miezi sita, pamoja na mafunzo. Idadi ya kati (median) ya siku kabla maumivu hayajarudi ilikuwa 208 kwao, na 112 kwa wasiopewa kitu. Kwa hiyo shangazi bado anatoka na saa yake.

Kilichobaki ni mbuzi ya nazi. Kile kibao cha chini, magoti juu, mgongo umepinda, huenda ndicho kiti kigumu kuliko vyote kwa kiuno chake. Wiki iliyopita mjukuu alifungua ukurasa mpya, akampima siku tatu: dakika 5, 4, 6. Ameanza na dakika 4, kisha anasimama, ananyoosha mgongo, na nazi iliyobaki anakuna mtu mwingine.