Nani Alimlipia Bayonetta?

Mwaka 2009 kampuni ya Sega ilitoa Bayonetta, mchezo wa video uliotengenezwa na PlatinumGames ya Japani. Wahakiki waliusifu, mashabiki wakaupenda kwa wivu, lakini haukuwa mchezo wa kila mtu: mchawi mwenye miwani anapigana na malaika kwa bastola nne, mbili mikononi na mbili kwenye visigino. Kwa hesabu za kawaida, hadithi ingeishia hapo. Septemba 2012 ikatangazwa kwamba sehemu ya pili inakuja, na anayeigharamia ni Nintendo, nyumba ya Mario. Watengenezaji walikiri kuwa bila Nintendo mchezo huo usingekuwepo.

Kwa nini mfanyabiashara atie fedha mahali ambapo faida haionekani? Jibu la haraka ni kwamba Nintendo ilikuwa inauza mashine yake. Wii U ilionekana kifaa cha familia na watoto. Bayonetta 2, iliyotoka 2014, ililetwa kumwambia mchezaji mtu mzima kwamba naye ana kiti. Ni kama mwenye duka anayeweka riwaya moja nzito kati ya madaftari ya shule: hainunuliwi sana, ila inawaambia wapitao duka hili ni la nani. Kama kilikuwa chambo, samaki hawakuja. Wii U iliishia kuuza takriban mashine milioni 13.5, ilhali Wii iliyoitangulia ilivuka milioni 100.

Jibu hilo ni la kweli, lakini halielezi mchezo wenyewe. Sehemu za pili nyingi hulainishwa ili zivute wateja wapya. Hii haikulainishwa. Inaanza juu ya mgongo wa ndege ya kivita inayopasua anga ya jiji, na bado inakudai ukwepe pigo likiwa tayari usoni, ndipo wakati upunguze mwendo. Mfadhili hakuhitaji mchezo wa kupendwa na wote, maana wa namna hiyo anao tele. Alihitaji ule asio nao, na hapo watengenezaji wakapata nafasi ya kuwa wao wenyewe.

Nafasi hiyo ina bei. Ukimvisha mchawi gauni la Peach, ngumi za mashetani anaowaita hugeuka kuwa za Bowser. Ni mzaha mtamu, na ni muhuri wa aliyelipa. Bei kubwa zaidi iliwaangukia waliocheza sehemu ya kwanza kwenye PlayStation 3 au Xbox 360: ya pili ilirudi mwaka 2018 kwenye Switch, lakini haijawahi kutoka nje ya mashine za Nintendo.

Shabiki ana haki ya kushukuru. Akumbuke tu kwamba mchezo usioweza kujilisha sokoni huishi kwa kadiri mwenye nyumba anavyofurahia kuwa na mgeni.