Wimbo Unaompita Mlinzi

Jaufre Rudel alikuwa bwana wa Blaye, kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika karne ya 12: mpiganaji wa farasi, Mkristo aliyeapa kwenda vita vya msalaba huko Mashariki, na mtunzi wa nyimbo. Inasimuliwa kwamba alimpenda bibi mtawala wa Tripoli, mji wa pwani ya Lebanon, bila kumtia machoni hata mara moja. Sifa zake alizisikia kwa mahujaji waliorejea kutoka Antiokia, na hizo zilimtosha. Akamtungia nyimbo, akapanda merikebu kumfuata, akaugua njiani, akashushwa Tripoli hali si hali. Bibi alipopata habari alikwenda akampakata, na Jaufre akafia mikononi mwake. Siku ileile, wanasema, yule bibi akajiunga na masista.

Wanahistoria wengi hawakisadiki kisa hicho. Kwao kilishonwa baadaye kutokana na nyimbo zenyewe. Mimi naona hilo linamzidishia mtunzi heshima. Nyimbo zilikuwa na nguvu gani hata waliozisikia hawakuridhika mpaka wazitafutie safari, ugonjwa, kifo na maziko?

Jaufre na watunzi wenzake, wale wanaoitwa trubaduri, walifanya kazi yao penye dhiki. Mwanamke waliyemwimbia mara nyingi alikuwa mke wa mkubwa, anaishi ngomeni, ana walinzi, na pembeni wapo wambeya wanaongoja neno moja wakalifikishe kwa mume. Basi jina lake halitajwi. Mtunzi humpa jina la kificho, na sifa humwagwa mbele ya karamu nzima, mume akiwemo, huku mlengwa akiwa mmoja tu. Walikuwa hata na nyimbo maalumu za alfajiri, ambamo mlinzi aliye mnarani anawaonya wapendanao waachane kabla hapajapambazuka. Na Arnaut Daniel alibuni utungo wa beti 6 zenye mistari 6, ambamo maneno 6 yaleyale humalizia mistari ya kila ubeti, yakipokezana zamu kwa utaratibu usiovunjwa, kisha mistari 3 ya kufungia. Aliyewahi kukesha akitafuta kina cha kati kwenye mstari wa mizani 16, 8 kwa 8, hahitaji kuelezwa kwa nini mtu ajitaabishe hivyo. Taabu ile nayo ni sehemu ya zawadi.

Sisi tunaye Fumo Liyongo wa pwani ya Pate, shujaa wa upinde na wa ulimi. Karne aliyoishi bado inabishaniwa, lakini tumbuizo zinazonasibishwa naye zipo, ukiwemo ule wa Mwana Manga, wa kumsifu mwanamke. Bibi wa miji ya mawe ya pwani hiyo naye alikaa ndani, chumba nyuma ya chumba. Lamu wakati fulani hata alipotoka alitembea katikati ya shiraa, pazia lililobebwa na watumwa kumzunguka pande zote. Anayemwimbia mwanamke kama huyo anaimbia sikio lililo ng'ambo ya ukuta.

Lakini ninapouona ufundi huu waziwazi kuliko pote ni gerezani, pale ambapo anayelindwa ni mshairi mwenyewe. Mfalme wa Pate alimfunga Liyongo kwa kumhofia. Mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Sada, na walinzi wakawa wanakila kile kizuri. Liyongo akamtuma Sada kwa shairi: mama aoke mkate, ndani yake afiche tupa. Ukaokwa mkate wa wishwa. Walinzi wakaudharau, wakampa mfungwa. Kisha ikachezwa ngoma ya gungu, watu wakaimba nyimbo alizowatungia, na ngoma iliporindima yeye akawa anakata pingu. Usiku ule walinzi walizisikia nyimbo zote. Tupa hawakuisikia.

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyekuwa amekaa Zanzibar, alichapisha London kitabu cha hadithi za Kiswahili, na ndani yake akaweka kisa cha Liyongo na shairi lake. Miaka 6 baadaye, akiwa askofu, aliteremka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaikata nchi kwa miguu mpaka Masasi. Mara nyingi namfikiria mtu yule akipita bara hili letu la Lindi na Liyongo kichwani. Muhamadi Kijuma wa Lamu alikuja kuandika utenzi wa Liyongo mwaka 1913. Lakini mstari wa mfungwa ulikuwa umekwisha kuwekwa kwenye chapa na mtu wa kanisa. Wimbo mzuri haumuulizi mtu dini yake kabla ya kumkalia moyoni.

Hapa Rutamba jambo hilo si geni. Pana msikiti na pana kanisa, Wamwera na Wamakonde, na wajukuu wa wale waliokimbia vita vya Msumbiji wakapewa makazi miaka ya 1960. Na ufundi wa kusema kwa kufumba haujafa. Mwali anapowekwa ndani, makungwi humfunza kwa nyimbo ambazo mpita njia atazisikia akadhani zinahusu shamba au mnyama. Dada akitaka kumjibu mtu huchagua kanga, akaivaa akapita mbele yake bila kufungua kinywa. Wanawake wetu wameilinda kazi hii kuliko washairi wa kiume, na wanastahili kuambiwa hivyo.

Najua ukuta ule wa zamani ulikuwa pia kifungo, na watumwa waliobeba shiraa hawakutungiwa tumbuizo. Simtamanii mwanamke yeyote arudishwe nyuma ya pazia. Ila kuta zilipoanguka, vijana wengi walidhani na ufundi hauna kazi tena, ndiyo maana siku hizi nasikia nyimbo za mapenzi zinazotaja jina, mtaa, umbo na kilichotokea usiku, zikipigwa kwenye spika sokoni mama mzazi akipita. Huko ni kumvunjia mtu mlango. Mwanamke wa leo anajilinda mwenyewe, na mlinzi huyo ana haki kuliko mume wa ngomeni na mfalme wa Pate. Mtunzi anayempenda kweli humwimbia kwa namna ambayo, akitaka, ataitika. Na asipotaka, atapita zake sokoni na hakuna atakayejua kwamba aliyeimbwa ni yeye. Hiyo ndiyo heshima kubwa niijuayo katika ushairi.

Kwa hiyo wewe kijana wa Rutamba, wa Milola, wa Kilwa, mwenye simu mkononi na mtu moyoni, kabla hujamtumia chochote, keti utunge. Hesabu mizani, tafuta vina, futa uanze upya. Msifu kadiri unavyoweza. Jina lake usiliandike.