Dhahabu Inayobanduka

Fuwele za DyTe₃, mchanganyiko wa disprosiamu na teluriamu, ni vibapa vyembamba, laini, vyenye rangi iliyo kati ya dhahabu na shaba. Ukibandika utepe wa gundi juu yake kisha ukauvuta, tabaka la juu linatoka nao, na chini kunabaki uso mpya unaong'aa. Usiuache wazi kwa muda mrefu, maana hewa huuharibu. Wanafizikia wanazipenda kwa yaliyomo ndani. Mimi naanza na anayezipika, kwa kuwa yeye hutajwa kwa sentensi moja tu kisha akasahauliwa.

Njia iliyozoeleka ni ile ya kundi la Ian Fisher kule Stanford. Disprosiamu kidogo sana, atomi mbili tatu katika kila mia, hutiwa pamoja na teluriamu ndani ya kikombe cha alumina, na kikombe hufungiwa kwenye mrija wa kwatzi ulioondolewa hewa. Teluriamu iliyozidi ndiyo kiyeyushi. Tanuru hupandishwa hadi nyuzi 800 au 900 za Selsiasi, kisha hushushwa taratibu kwa siku kadhaa. Ukilishusha joto kwa pupa, viini vingi huzaliwa kwa mkupuo na unaambulia makombo. Likifika nyuzi 500 na kitu, teluriamu ingali kimiminika, kwani huganda kwenye 450 hivi. Hapo mrija hutolewa ukiwa bado wa moto, hupinduliwa na kuzungushwa kwa kasi katika sentrifuji. Sufi ya kwatzi mdomoni mwa kikombe inafanya kazi ya kifumbu: kimiminika kinapita, fuwele zinabaki. Fundi akisitasita, teluriamu inaganda na kuzizika. Ikimwingia mwilini, pumzi yake itanuka kitunguu saumu, na familia itajua alikokuwa.

Ndani ya kibapa, atomi za teluriamu zimejipanga katika shuka za miraba, mbili mbili, zikitenganishwa na matabaka ya disprosiamu na teluriamu. Umeme hupita kwenye shuka hizo. Rudolf Peierls alionyesha zamani, akiwazia mnyororo wa atomi tu, kwamba elektroni zinaweza kupunguza nishati yao kwa kusongamana hapa na kupungua pale, na atomi nazo zikasogea kidogo kuzifuata. Hilo ndilo wimbi la msongamano wa chaji. Katika DyTe₃ linaanza joto likishuka chini ya kelvini 306 hivi, yaani nyuzi 33, joto ambalo mtu mwenye feni analivumilia.

Usumaku uko tabaka la jirani, kwenye elektroni za 4f zilizojificha ndani kabisa ya atomi ya disprosiamu, nao haujipangi mpaka chini ya kelvini 4. Kwa pengo hilo ungedhani wawili hawa hawajuani. Wanajuana sana. Mwaka 2024 vipimo vya nyutroni vilionyesha kwamba sumaku ndogondogo za disprosiamu huzunguka kwa umbo la koni kadiri unavyohama kutoka atomi hadi atomi, na maelezo yanayokubaliana na vipimo ni haya: wimbi husogeza majirani wa kila disprosiamu, mara huku mara kule, na mwelekeo ambao sumaku yake inaupendelea unapinda pamoja nao.

Uzuri wa ukoo huu wa fuwele ni kwamba unaweza kubadili kiungo kimoja tu, kile cha disprosiamu. Weka thuliamu, ambayo atomi yake ni ndogo zaidi, na wimbi litasubiri hadi karibu kelvini 244. Samariamu hulileta mapema, karibu 416. Gadoliniamu hujipanga kisumaku karibu kelvini 12, ila inameza nyutroni kwa ulafi, ikamtesa mpimaji. Lanthanamu haina sumaku ya kujipanga kabisa, ila wimbi inalo. Nayo hupikwa vilevile, kwa kikombe na mrija wa aina ileile, ili mpimaji aone wimbi linavyokwenda pasipo sumaku pembeni yake.