Nani Alimwambia Anyooshe Mabawa?

Mliokuwepo uwanjani Jumapili mnadhani mliona ajali. Ajali ilishatokea Alhamisi usiku mezani kwa mwenzetu, aliposhika kisu cha karatasi akapasua bawa la glaida katikati, akalilaza juu ya kioo mpaka likanyooka kama rula, akapitisha kijiti cha kaboni cha milimita 4 kutoka ncha hadi ncha, akamwaga gundi. Ya Jumapili yalikuwa mazishi.

Watu watatu wamenipigia kuuliza kama ni upepo, na mmoja ameniapia kwamba sevo ya usukani ilikwama. Haikukwama. Niliifungua mwenyewe, meno yote yapo, inacheza vizuri kuliko sevo niliyouziwa mwaka jana na duka ambalo silitaji, ambayo ilikuwa imeshatumika ikarudishwa kwenye mfuko. Upepo nao, haya: kusi ilikuwa imeanza kuamka, na mwenye akili huwa amesharusha na kufunga virago kabla ya saa tatu asubuhi, jambo nililoliandika kwenye ukurasa huu mpaka wino umenikauka. Lakini hata bahari ingekuwa shwari kama maji ya beseni, ndege ile isingekata kona. Ilikuwa imeshanyang'anywa kitu cha kukatia kona.

Glaida yenyewe mnaijua. Ni zile za povu la EPP, za kurusha kwa mkono, zinazouzwa vipande vipande ndani ya mfuko wa nailoni. Hii ilikuwa ile kubwa, sentimita 98 ncha kwa ncha. Ichukue ikiwa mpya, iunge, iweke mezani mwili ukiwa wima, kisha inama utazame kwa mbele. Kila ncha ya bawa iko sentimita 4 na kidogo juu ya shina lake. Nusu ya bawa ni sentimita 49, kwa hiyo tunazungumzia nyuzi 5 kila upande. Nyuzi 5 hizo ndizo ulizolipia. Povu si kitu, stika ni takataka, na ile rangi ya chungwa inachubuka kwa ukucha. Aliyeichora alitaka jambo moja tu: mtoto wa miaka sita akiirusha kombo, ijiweke sawa yenyewe kabla haijafika chini.

Sasa fundi wetu, katika kuigeuza iwe ndege ya redio, alichagua chaneli tatu: mota, eleveta, usukani. Eleroni hakuna. Angeniambia ananyoosha bawa kisha anachana eleroni mbili, sevo ya gramu 9 kila upande, ningenyamaza. Ningesema tu ameongeza gramu 18 na nyaya mbili za kukatika. Watu wanafanya hivyo na zinaruka vizuri sana. Lakini kulinyoosha bawa na kubaki na usukani mtupu ni sawa na nahodha aliyetupa tanga baharini halafu anashangaa mbona usukani hausaidii.

Twende polepole hapa, maana ndipo mnaponibishia kila mwaka. Usukani haukati kona. Usukani unageuza pua. Ukipiga kushoto, pua inatazama kushoto huku mwili mzima ungali unakwenda kule kule ulikokuwa ukienda, kama basi la mkoani kwenye matope ya masika. Upepo sasa unaijia ndege ubavuni, ubavu wa kulia. Mabawa yakiwa yameinuka, lile la kulia linaupokea upepo huo kwa tumbo na kubebwa juu. La kushoto linapata pungufu, linashuka. Ndege inalala kushoto, na ikishalala ndipo mabawa yanapoivuta kuzunguka. Kona imekatwa na mabawa. Usukani ulipeleka taarifa tu.

Nyoosha mabawa, na taarifa inafika kwenye ofisi iliyofungwa. Yote mawili yanapokea upepo sawasawa, hakuna linalopanda, hakuna linaloshuka, na ndege inateleza ubavu. Kuna na la ziada ambalo wengi hawaliangalii: pezi la mkia la glaida hizi limesimama lote juu ya mwili. Usukani ukienda kushoto, pezi linasukumwa kulia, na msukumo huo uko juu ya kitovu cha uzito, kwa hiyo unailaza ndege kulia. Mabawa yaliyoinuka huumeza msukumo huo bila hata wewe kujua. Yaliyonyooka hayana cha kuumeza. Umeomba kushoto, ukapewa kulia.

Na ndivyo ilivyokuwa, atakaye abishe. Iliporushwa ilipanda vizuri mpaka usawa wa kilele cha mwembe. Akaomba kushoto. Waliokuwa upande wa jua hawakuona, ila mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake: bawa la kulia ndilo lililoinama kwanza, kama upana wa kiganja, wakati pua inatazama kushoto. Kidole gumba chake kikaenda mbali zaidi, na hapo simlaumu. Kila mmoja wetu angeongeza. Pua ikazidi kwenda kushoto, mwendo ukafa, bawa la kushoto likabaki nyuma likikokota, likaishiwa upepo, likaanguka lote kwa mara moja. Akapiga kulia. Kimya. Akapiga kulia mpaka kijiti cha rimoti kikagonga ukingo. Kimya vilevile. Pua ikachimba, propela ya inchi 5 ikala udongo, mota ikang'oka na kipande chake cha ubao. Sekunde saba tangu iache mkono. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo kama kawaida yangu.

Kazi nyingine zote zilikuwa safi: gramu 260 na betri yake, kitovu cha uzito kwenye asilimia 30 ya upana wa bawa, mota imeinamishwa nyuzi 2, nyaya zimezikwa ndani ya povu bila kuacha kovu.

Tulipokuwa tunaokota vipande nilimuuliza kwa nini alilinyoosha. Akanijibu kwa adabu zote, shikamoo mzee na kadhalika, kwamba bawa lilikuja limepinda. Akaona kiwanda kimekosea. "Ndege za kweli mabawa yao yamenyooka, mzee." Mwanangu, panda daladala ushuke Kipawa, usimame pembeni ya uzio usubiri 737 ije kutua ikiwa imekuelekea usoni. Inua mikono yako ufuate mistari ya mabawa yake. Utajikuta umesimama kama mtu anayeomba mvua.

Ila najua alikolitoa wazo hilo, na ndiyo maana sitamtupia lawama zote. Amelitoa kwenye kaboni. Tangu vijiti vya kaboni vianze kupatikana kwa bei ya kawaida, watu wameacha kuuliza bawa linataka nini, wanauliza kijiti kinataka nini. Kijiti cha kaboni hakipindi katikati. Basi bawa ndilo linaloambiwa lipinde, au tuseme linyooke. Tumefika mahali ambapo boriti inampangia nyumba mwenye nyumba. Na wala bawa la glaida ya gramu 260 halihitaji kaboni ya milimita 4 mwili mzima. Linahitaji kiungo imara pale katikati, basi. Mimi hutumia spoku ya baiskeli. Naikata urefu wa shubiri, naikunja katikati juu ya jiriwa mpaka ipate nyuzi 10, yaani 5 kwa 5, naizika kwenye mfereji chini ya bawa, halafu kutoka pale kwenda nje nafuatisha vijiti vya mshikaki vilivyopishana. Kazi ya jioni moja. Ikianguka, kijiti kinavunjika na povu linabaki, na vijiti vinauzwa pakiti nzima kwa bei ya chapati mbili.

Nilipoeleza hilo miaka mingi iliyopita mbele ya watu, kuna bwana mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka ng'ambo akasimama na kusema mabawa yaliyoinuka ni "magongo ya watoto wanaojifunza kutembea". Watu wakacheka. Sijamsamehe. Na katika ndege zake zote sijaona hata moja iliyozeeka.

Magongo! Alphonse Pénaud alikuwa na umri wa miaka 21 alipoirusha ile planofori yake katika bustani ya Tuileries jijini Paris, Agosti 1871. Mwili mwembamba, mpira uliosokotwa, propela nyuma, mabawa ya sentimita 45 hivi yaliyopindwa juu nchani, uzito gramu 16. Hakuna redio, hakuna rubani, hakuna wa kumwomba kushoto wala kulia. Ilikwenda sekunde 11, mita 40 hivi, mbele ya mashahidi. Na George Cayley kule Uingereza alikuwa ameshaandika juu ya mabawa yenye umbo la V na jinsi yanavyoisimamisha ndege wima tangu miaka ya 1809 na 1810, wakati hata injini ya kuibeba ndege haijaota. Hawa walikuwa watu wazima wanaojua wanachokifanya.

Mtaniambia kina Wright. Kila mara kuna anayeniletea kina Wright. Ni kweli, ndege yao ya 1903 ilikuwa na ncha zilizoshushwa chini kabisa, kinyume cha V, na walifanya makusudi kwa sababu walihofia upepo wa ubavuni. Lakini Orville alikuwa amelala kifudifudi juu ya bawa, nyonga zake zikiwa kwenye kitanda cha mbao kilichofungwa nyaya za kuyakunja mabawa, akicheza kiuno sekunde zote 12 za safari ya kwanza. Anayetaka bawa la kina Wright sharti awe na kiuno cha kina Wright. Na msisahau walikoanzia: kidude cha kuruka cha mpira, cha muundo wa Pénaud huyo huyo, ambacho baba yao aliwaletea nyumbani mwaka 1878.

Upande wa redio ni hivyo hivyo. Ndugu wawili Walter na William Good wa Marekani waliirusha Guff mwaka 1937 kwa kifaa kilichochezesha usukani kwa nguvu ya mpira uliosokotwa, na ikawarudia. Wengi wetu humu tulifundishwa na EasyStar ya Multiplex: povu, mota mgongoni inayosukuma kutoka nyuma, chaneli tatu, mabawa yameinuka hadharani bila haya. Unaiachia vijiti vyote, inatikisika kidogo, inajiweka sawa, inaendelea na safari. Pungu anaruka hivyo, mabawa juu, akiyumba huku na huku kama anayetembea juu ya kamba. Hata mtoto anayetengeneza tiara hufunga uzi kwenye kijiti cha kukingama akakivuta kikajipinda kama upinde, na ukimwuliza sababu atakuambia bila kujipinda inapinduka. Hajasoma popote. Imeshampindukia.

Nasikia sasa kuna ushauri unaozunguka kwamba ile maiti itengenezwe na kuwekewa jairo. Jairo! Dawa ya kila kitu siku hizi. Kitovu cha uzito kiko mkiani, weka jairo. Mota imekaa upande, weka jairo. Jairo inaona ndege imelala na inatoa amri, lakini amri ile inapita kwenye usukani ule ule, kwenda kwenye bawa lile lile lililonyooka, na inakuta ofisi ingali imefungwa. Kitakachobadilika ni kwamba safari hii ndege itaanguka huku usukani ukitapatapa kwa kasi kuliko kidole cha binadamu.

Kuna jambo moja ambalo karibu wote mlilikosa, maana mlikuwa mmeinamia mabaki. Upande wa goli la kaskazini alikuwepo binti wa mmoja wetu, miaka minane au tisa, na glaida ya aina ile ile, ukubwa ule ule, ikiwa kama ilivyotoka mfukoni. Aliirusha dhidi ya kusi, na akaibetua vibaya, bawa la kushoto chini. Nikajua imekwisha. Ilienda mita tatu nne ikiwa imeinama vile, ikapigwa na upepo ubavuni, bawa la kushoto likapanda lenyewe, ikanyooka, ikapita juu ya viatu vyetu tulivyovua, ikalala kwenye majani karibu na mstari wa katikati. Sekunde tisa.

Mwenye ndege alinipigia jana usiku. Mota ni nzima, risiva ni nzima, betri imevimba kidogo kona moja nikamwambia aitupe. Akauliza jairo ipi ni nzuri. Nikamwambia Jumamosi aje na bawa, kisu chake na spoku moja ya baiskeli, jiriwa ninayo.