Kuvu Ndani ya Lenzi: Cha Kusafisha na cha Kuacha

Mvua zikishika Gitega, malalamiko ya wapiga picha hufanana. Bibi harusi anasimama mlangoni mwa kanisa, mwanga uko nyuma yake, na picha inatoka imepauka: nyeusi imekuwa kijivu, weupe wa shela umetapakaa hadi usoni. Mwenye kamera anabadilisha mipangilio, anafuta kioo cha mbele, na picha inabaki vilevile. Akimulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma ndipo anapoziona nyuzi nyeupe zilizotambaa ndani kama mizizi ya nyasi. Hiyo ni kuvu.

Kazi ya kuitoa nitaieleza kwa lenzi moja ambayo haitamshangaza mtu wa mtaa wa Yoba hapa Gitega wala wa Muyinga mjini: Canon EF 50mm f/1.8 II. Ilitoka mwaka 1990, ina uzito wa gramu 130, na hata shingo yake inayoshika kwenye kamera ni ya plastiki. Mwaka 2015 ilipata mrithi mwenye shingo ya chuma, lakini ile ya zamani ingali inauzwa mkono kwa mkono. Nimeichagua kwa kuwa ni rahisi na haina vikorokoro vingi, kwa hiyo inaonyesha wazi jambo ninaloliamini katika ufundi huu: fundi wa lenzi hupimwa kwanza kwa kile alichoamua kutokigusa.

Tuanze na hewa, maana ugonjwa unatoka huko. Gitega iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500, na mvua zake huanza Septemba zikaenda hadi Mei, zikipumzika kidogo katikati. Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali, zimo hata ndani ya lenzi mpya. Zinachosubiri ni unyevu. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 60 au 70 kwa muda mrefu, mbegu huota na kula vumbi na mafuta ya vidole yaliyobaki kwenye kioo. Giza na hewa isiyotembea huzisaidia. Ndiyo maana begi la ngozi lililofungiwa kabatini kuanzia Krismasi hadi Pasaka ni mahali pabaya kuliko pote pa kuweka kamera, ingawa mwenye begi anaamini ameitunza.

Kuna pia njia ya pili ya unyevu kuingia, ambayo watu wa nyanda za juu huisahau. Barabara ya kwenda Bujumbura inapita Muramvya na Bugarama, juu ya mita 2,000, kwenye ukungu na baridi, kisha inateremka kwa mwendo mfupi hadi kando ya Tanganyika, chini ya mita 800. Kamera iliyopoa Bugarama ikitolewa kwenye begi mara tu unapofika mjini, mvuke wa hewa ya joto hugeuka matone juu ya vioo baridi, vya nje na vya ndani. Vile vya nje utavifuta. Vya ndani vitakauka taratibu, na unyevu huo ndio kuvu inaoungoja. Kinga haina gharama: acha kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka nayo ipate joto.

Sasa uchunguzi. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na ndipo mafundi wengi wanapokimbia. Lenzi za Canon za aina ya EF hufunga na kufungua apacha, yaani tundu la kupitisha mwanga, kwa umeme, kwa hiyo ikiwa nje ya kamera apacha hukaa wazi kabisa na njia ya mwanga iko huru. Lenzi nyingi za Nikon za miaka hiyo ni kinyume: nje ya kamera hujifunga hadi mwisho, na ni lazima usukume kijiti kidogo upande wa nyuma ndipo uone ndani. Usipolijua hilo utaitangaza lenzi kuwa safi kumbe umeangalia kitundu kidogo cha katikati.

Mulika kwa pembe, usimulike moja kwa moja. Kuvu ina matawi. Huanza ukingoni mwa kioo ikatambaa kuelekea katikati. Vumbi ni chembe moja moja, halina matawi, na halidhuru picha. Wako watu wanaoleta lenzi ifunguliwe kwa sababu wameona chembe kumi za vumbi ndani. Jibu langu kwao ni hapana: kila lenzi inayojikunja na kujikunjua huvuta hewa, na vumbi litarudi kabla ya mwezi kwisha. Ukiona utando sawia, kama pumzi iliyopuliziwa kioo, huo mara nyingi ni mvuke wa grisi ya ndani iliyopata joto. Husafishika kwa urahisi. Ukiona doa lenye rangi za upinde wa mvua likianzia ukingoni, gundi inayounganisha vioo viwili imeachia, na hapo kazi ya mezani imekwisha kabla ya kuanza.

Baada ya kujua ni nini, jua iko juu ya uso upi. Ndani ya lenzi yetu ya 50mm kuna vioo 6 katika makundi 5, maana yake viwili vimegundishwa pamoja, na apacha imekaa katikati ya safu. Inamisha lenzi polepole huku ukitazama doa likisogea dhidi ya vile vipande vya apacha. Likisogea sana liko mbali nazo. Likikaa karibu palepale, liko kwenye uso ulio jirani nazo. Andika kwenye karatasi. Kuvu iliyo kati ya vioo viwili vilivyogundishwa haifikiwi na kitambaa chochote, na anayeahidi kuitoa anaahidi asichokiweza.

Kwa nini tunahangaika na nyuzi nyembamba hivyo? Kwa sababu ya utando wa kemikali uliopakwa juu ya kila kioo. Kioo kitupu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso. Makundi 5 yana nyuso 10 zinazogusana na hewa. Bila utando, karibu theluthi ya mwanga isingefika kwenye kihisi, na sehemu yake ingekuwa ikirukaruka ndani na kupausha picha. Mwaka 1935 Alexander Smakula, akifanya kazi kwa Zeiss huko Ujerumani, alipata namna ya kupaka tabaka jembamba linalopunguza mrudisho huo, na lenzi za leo zote ni watoto wa ugunduzi wake. Kuvu hutoa asidi inayolila tabaka hilo. Mapema inafutika bila alama. Ikichelewa, unaiondoa kuvu yenyewe na michoro yake inabaki imechongwa kwenye utando.

Kufungua kunahitaji bisibisi sahihi kuliko nguvu. Skrubu za kamera za Kijapani zina msalaba wa kipimo cha Kijapani, JIS, na bisibisi ya nyota ya kawaida hukaa juu juu, ikateleza na kula kichwa cha skrubu. Kichwa kikiliwa, lenzi ya bei nafuu imekuwa kazi ya siku nzima. Pete ya plastiki yenye maandishi, ile inayozunguka kioo cha mbele, imebandikwa. Inatolewa kwa subira, ikipashwa joto kidogo, na chini yake ndiko unakofikia kundi la vioo vya mbele. Upande wa nyuma kuna fleksi, utepe mwembamba wa umeme ambao kila fundi simu wa mjini anaujua. Fundi simu ana mikono tayari kwa kazi hii. Anachokosa ni mazoea ya vioo.

Nami husisitiza mambo mawili ambayo wengi huyaona ni kupoteza muda. Piga picha kwa simu kila hatua, na panga skrubu juu ya karatasi kwa mpangilio uliozitoa, maana urefu wake haufanani hata kama vichwa vinafanana. Kisha weka alama ya penseli kuonyesha kila kundi la vioo lilikaa upande gani. Roger Cicala, mwanzilishi wa LensRentals huko Tennessee, Marekani, ameonyesha kwa picha lenzi nyingi zikiwa zimefumuliwa, na funzo linalojirudia ni kwamba kiwandani vioo hurekebishwa kwa vishikizo vidogo na pete nyembamba kama karatasi, kila lenzi na marekebisho yake. Ukikirudisha kioo kikiwa kimegeuka, au ukaiacha pete moja mezani, upande mmoja wa picha utakuwa laini daima.

Dawa yenyewe ipo kwenye duka la dawa: haidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda. Chupa zenye lebo ya Kifaransa huandikwa 10 V badala ya asilimia. 10 V ni sawa na asilimia 3, na hiyo inatosha. Ile ya saluni ya 30 au 40 V ni kali mara tatu au nne, na ya krimu ina vitu vingine vinavyoganda kwenye kioo; iache. Loweka kipande cha karatasi ya lenzi au pamba safi, kilaze juu ya kuvu dakika chache bila kusugua, kisha futa kutoka katikati kwenda nje kwa mviringo mmoja. Badilisha pamba, usirudie ile ile. Maliza kwa spiriti ya asilimia kubwa. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi na huacha michirizi, basi ukikosa nyingine futa haraka kabla haijakauka yenyewe. Petroli na asetoni zisikaribie meza. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera, kama 18-55, zina kioo kimoja cha plastiki, na asetoni itakitia ukungu usiotoka.

Sasa ule uamuzi wa kutogusa. Kuvu imetoka, lakini kwa pembe ya tochi unaona bado kivuli cha matawi yake. Kishawishi ni kusugua. Nimesikia ushauri wa dawa ya meno, nimesikia wa unga wa kung'arishia taa za magari. Vyote viwili vitaufuta mchoro kwa kuufuta utando wote uliobaki, na umbo la kioo pia, ambalo limechongwa kwa usahihi usioonekana kwa jicho. Michoro michache kwenye kioo cha mbele haionekani kwenye picha. Uso uliosuguliwa unaonekana kwenye kila picha. Hapa fundi anaweka kitambaa chini na kumwambia mteja ukweli.

Kufunga ni njia ileile kinyume, ila kuna kipimo kimoja cha kuheshimu. Kwenye mfumo wa EF, kutoka uso wa chuma unaopokea lenzi hadi kwenye kihisi ni milimita 44. Sehemu ndogo ya milimita ikiongezeka, lenzi haitaweza tena kuona mbali. Basi jaribu. Milima ya Gitega ni msaada mkubwa: chagua mti ulio peke yake juu ya kilima cha mbali, fungua apacha yote, kuza picha mara 10 kwenye skrini ya nyuma, na zungusha fokasi kwa mkono. Ukali wa picha lazima ufike kabla pete haijafika mwisho wake. Kisha weka mti huo kwenye kila kona ya fremu. Kona moja ikiwa laini kuliko nyingine tatu, rudi kwenye alama zako za penseli.

Kuhusu spea, tusijidanganye. Mwaka 2012 Nikon iliacha kuwauzia mafundi huru wa Marekani vipuri vyake, na mwaka 2020 ikafunga hata mpango wa karakana zilizoidhinishwa huko. Kama hali ni hiyo kwa walio karibu na soko, sisi tulio ng'ambo ya mpaka wa Kobero tunategemea maiti. Lenzi iliyoanguka ikakatika vipande viwili, na hii ya 50mm ni maarufu kwa hilo, ina vioo salama, mota nzima, skrubu kamili. Isitupwe. Ningependa kuona mafundi wa Gitega na wa Muyinga wakiwa na orodha moja ya maiti walizonazo, ili fleksi inayotafutwa upande mmoja isioze kwenye droo ya upande mwingine.

Lenzi iliyosafishwa ikirudi kwenye begi lilelile, kuvu itarudi. Nunua boksi la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, weka silika ya kunyonya unyevu na kipima unyevu kidogo, na ulenge asilimia 40 hadi 50. Usishuke sana chini ya hapo, maana grisi na mpira hukauka. Mchele haufai, hunyonya kidogo na hutoa vumbi la wanga, chakula cha kuvu. Silika inayobadilika rangi ikishiba hukaushwa kwenye kikaango kikavu juu ya mbabura (jiko la mkaa) yenye moto mdogo, ikigeuzwageuzwa hadi rangi yake irudi, na njia hiyo haingoji umeme wa mjini. Toa begi la ngozi nje lipigwe na jua, au libaki la kubebea tu.

Na ile lenzi yenye kuvu kati ya vioo vilivyogundishwa, usiitupe wala usiifungue. Udhaifu wake unatokea mwanga unapoingia kutoka mbele. Weka jua nyuma ya bega lako, valisha kingo ya mwanga mbele ya kioo, na ipeleke Gishora, karibu na Gitega, ikapige picha za ngoma asubuhi. Harusi ya mlangoni mwa kanisa ichukulie lenzi nyingine.