"Mbuga" au "Hifadhi"? Istilahi Katika Mashindano ya Jiografia

Mashindano ya kitaifa ya jiografia, kama ulivyo mtihani wowote wa taifa, huwawekea wanafunzi wa Tarime, Kigoma na Mtwara swali moja, pasipo mwalimu wa kulifafanua. Hapo istilahi legevu humwadhibu mtoto asiye na kosa.

Natuchukue mfano wa swali ambalo mtungaji angeliona jepesi mno: "Taja mbuga iliyomo katika Wilaya ya Serengeti." Jibu linalotarajiwa ni Serengeti. Lakini mbuga, kwa maana yake ya asili, ni uwanda mpana wa majani. Wataalamu wa udongo nao wamelitwaa neno hilo kwa udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji mabondeni. Mtoto wa Mugumu anazijua mbuga nyingi zenye ng'ombe na mashamba. Akitaja mojawapo, je, amekosa? Isitoshe, sehemu ya kaskazini ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kuelekea Mto Mara, ina vilima na vichaka ambavyo hakuna mwanajiografia angeviita mbuga.

"Hifadhi" ni neno imara zaidi, ila nalo halitoshi likiachwa peke yake. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa nayo ili wafugaji wa Kimasai waendelee kuishi humo. Zote mbili huitwa hifadhi, ilhali suala la makazi ndilo hasa lililozitenganisha. Katika Wilaya ya Serengeti yapo pia mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa mwaka 1994, ambako sheria huruhusu uwindaji kwa leseni, jambo lisiloruhusiwa katika hifadhi ya taifa. Ipo tena Ikona, jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, ambayo ardhi yake ni ya vijiji. Ramani ya shule inayoyapaka yote hayo rangi moja na kuyaandika "mbuga za wanyama" inamfundisha mwanafunzi uwongo kuhusu wilaya yake mwenyewe. Mfugaji avukaye mpaka na ng'ombe wake huulizwa kwa sheria, wala hasaidiwi na kamusi.

Nasi watunga istilahi tusijivune. Pori, kwa msemaji wa kawaida, ni mahali pasipokaliwa wala kulimwa. Kuliongezea "la akiba" kwa aina moja na "tengefu" kwa nyingine hakumwonyeshi mtu ni kipi kinachoruhusiwa wapi. "Akiba" hata hudokeza kitu kilichowekwa kitumiwe baadaye. Hata hivyo istilahi hizo zimekwisha kuingia katika lugha ya sheria, na kuzibadili sasa kungezidisha vurugu.

Kwa hiyo watungaji wa maswali waliachie neno mbuga kazi yake ya kutaja sura ya nchi, na kila eneo la wanyamapori walitaje kwa jina lake kamili la kisheria. Mwongozo wa kusahihisha nao uwe na fasili ya kila istilahi iliyotumika, na fasili hiyo iandikwe kabla ya swali kupelekwa shuleni.